Tulivyotembezwa Ugenini

Nyumba ya Wageni,
Ghorofa ya tatu, chumba cha uani,
Jumapili jioni.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limeanza kukubali ngazi. Shemeji anaendeleaje? Bado anakohoa alfajiri na kusema dawa ni za wagonjwa? Wasalimie wote hapo nyumbani kwako kabla hujasoma zaidi. Sisi tunapumua, tunakula, tunashukuru.

Ningekupigia simu, lakini simu zetu mimi nawe siku hizi hazina faida. Ukisema tu "mdogo wangu", nalia, nawe unalia, na maneno yanabaki pale pale. Kalamu ina subira kidogo.

Unajua tulichofuata huku. Tulikuja kuliona kaburi la Bwana Mdogo, mwanetu, aliyezikwa ugenini bila sisi kwa sababu kibali chetu cha safari kilichelewa. Kesho tunarudi nyumbani, na nataka uyasikie ya huku kwangu, si kwa mtu mwingine.

Tumetembea, Dada. Yule kijana wa kwetu aliyekaa chumba kimoja na Bwana Mdogo, dereva wa teksi, alitupokea kwa mikono miwili. Ameomba likizo kwa ajili yetu. Kila asubuhi anakuja mlangoni kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi, anauliza kama wazee wako tayari. Tunapanda gari tukiambiana kwa macho kwamba leo ndiyo leo, leo ni kaburini.

Kwanza alitupeleka kwenye daraja refu la watembea kwa miguu. Kesho yake tukaenda kwenye jumba la makumbusho, ambamo mifupa ya nyangumi mzima imening'inizwa darini kwa nyaya. Mwenzangu alisimama chini yake mpaka watu wakaanza kumkwepa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huyu naye, ndugu zake wanajua aliko?" Siku nyingine ilikuwa bustani iliyojengwa ndani ya vioo, yenye joto kama jikoni. Kila tulipofika, dereva alitupiga picha. Alikuwa akimwomba mzee atabasamu kidogo, na mzee alitabasamu. Wewe unamjua, yule bwana anaweza kutabasamu kwa adabu hata akiwa na jino bovu.

Na vyakula! Tumelishwa kama wakwe. Kuna mahali walituletea sahani kubwa kama sinia, katikati pana kijichakula cha kuonja chumvi, pembeni mistari ya mchuzi kama mtoto amechezea kalamu. Mahali pengine supu ililetwa ya baridi. Mwenzangu alininong'oneza kwamba maskini, moto wao umezimika, tusiwaaibishe. Tukainywa yote. Mhudumu akafurahi sana, akatuongezea.

Siku hiyo hiyo niligundua nazungusha sahani yangu kama usukani, nikila kuanzia pembeni. Unakumbuka nani alikuwa akila hivyo? Ulimpiga kofi mkononi, pale kwako, akiwa na miaka mitano, ukamwambia chakula si gari. Mwenzangu aliniona. Akaweka uma chini, akatazama dirishani mpaka sahani zikaondolewa.

Utauliza kwa nini hatukusema. Dada, tungesemaje? Mtu ameacha kazi yake, anatumia chake, anahangaika tufurahi, nawe umwambie hivi sivyo tulivyovifuata? Tukirudi chumbani tunavua viatu tukisukumiana. Mimi namwambia wewe ndiye mwanamume, sema. Yeye ananiambia wewe ndiye mama, hawezi kukukatalia. Asubuhi tunapanda gari tena.

Jana ilikuwa zamu ya mkahawa ulio juu ya mnara, ambao sakafu yake inazunguka polepole nawe unaona mji wote ukiwa umekaa. Dereva alikuwa akituonyesha kwa kidole: ule uwanja wa mpira, lile soko la nguo, ile karakana alikofanya kazi Bwana Mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja. Sakafu ikaendelea kuzunguka, kikatokea kilima cha majani, kina mawe meupe mengi. Mkono wake ukashuka. Akasema kule hakuna kitu.

Mwenzangu akajifuta mdomo. "Mwanangu, tumeshiba," akamwambia. "Mji wako tumeuona, ni mzuri. Sasa tupeleke kwa mtoto."

Kijana akajifunika uso kwa viganja. "Baba, niliambiwa nisiwakumbushe."

"Kwani nani kakwambia tumesahau?"

Ndipo akatuambia kwamba ulimpigia simu kabla hatujafika. Sikulaumu, Dada, tafadhali usijilaumu nawe. Nakumbuka hata sisi ulituasa tusimtoneshe kijana wa watu, kwamba naye amezika ndugu. Huruma yako ilitufunga midomo pande zote mbili, nasi tukaitii kama watoto wa shule.

Leo tumekwenda. Dereva hakuwahi kurudi pale tangu mazishi, lakini alitembea moja kwa moja bila kuuliza. Nilidhani nitalia kwa sauti. Nilichofanya ni kuinama nitafute magugu ya kung'oa. Hayakuwepo. Nyasi zimekatwa kwa mashine, sawasawa kama zulia, jiwe limeoshwa, hata jani kavu hakuna. Nimesafiri mbali kiasi hiki, Dada, na kaburi la mwanangu halina kazi ya mimi kufanya. Nikabaki nimesimama na mikono yangu.

Mwenzangu aliketi chini, miguu ameinyoosha. Muda wa kuondoka ulipofika tulimshika huku na huku tumwinue, tukashindwa. Si kwamba anaumwa. Alisema tu kwa upole, "Niacheni kidogo. Nyie nendeni mkatembee."

Hatukwenda popote. Tuliketi naye, mmoja kila upande. Mlinzi alikuja kutuambia wanafunga, akatutazama, akarudi zake langoni. Mwishowe aliinuka mwenyewe, akajipangusa suruali, akashukuru kila mtu, hata mlinzi. Tangu hapo hajasema neno. Amekaa kitandani hapa, nami sijui nimguse au nimwache.

Ninakuomba jambo moja. Utakapokuja kwetu mwisho wa mwezi, usimwulize huku kukoje. Mwulize habari za mtoto. Akinyamaza, mwulize tena. Mimi nimejaribu na sauti haitoki, na sina mkubwa mwingine wa kumwomba ila wewe.

Nisalimie Shemeji, mwambie anywe dawa. Wasalimie mapacha, na Bibi Mkubwa umsomee polepole, ila umrukie habari za kilimani. Mungu akulinde njiani, atukutanishe tukiwa bado tunaweza kukumbatiana.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mama yake Bwana Mdogo