Rozari ya Baba Uwanjani

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Roma. Magoti yako yanaendeleaje? Na hapo Kabuta, samaki wanapatikana? Mimi ni mzima. Bibi ninayemtunza naye hajambo, mkali kama kawaida yake. Ila leo nakuandikia nikiwa na hasira, na uniwie radhi, maana sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Jumapili nilikwenda uwanja wa Mtakatifu Petro na rozari uliyonitumia, ile ya marehemu Baba, ili Papa aibariki na mwanao Kalunga aivae akirudi kuvua ziwani. Mama, kelele zile ni soko la Nchelenge tupu! Tulipanga foleni juani, tukapekuliwa mifuko, na kila aliye mbele yangu ameinua simu. Mzungu mmoja aliniomba nimpige picha, kisha akaniita nirudie, eti nimemkata miguu. Kwani nilifuata miguu yake?

Papa alitokea kwenye dirisha la juu kabisa, mdogo kama punje ya mchele. Nikakumbuka ulivyoniambia kwenye simu: "Usisimame tu kama muzungu! Upige magoti, upige makofi vile tunasalimiaka chifu, njo baraka itaingia muzuri." Basi nikapiga magoti, nikainama, nikaanza kupiga makofi polepole.

Mama, walidhani nimezimia! Mwanamke mmoja akapiga ukelele, watu wa huduma ya kwanza wakaja mbio, wakanibeba. Nami nalia kwa Kiswahili, "Muniache! Niko muzima! Niko nasalimia!" Nani anielewe? Papa anabariki, mimi nimelazwa nyuma ya nguzo, napepewa kwa gazeti. Waliponiachia, dirisha lilikuwa limefungwa.

Kwa hiyo sijui kama rozari ilibarikiwa, na sitakudanganya. Nilikaa pale nikalia, wala si kwa aibu. Msimu wa mvua uliopita mtumbwi wa Kalunga ulipinduka, mwenzake hajaonekana hadi leo, na bado nikimtajia jile, lile koti la kuelea, ananijibu, "Jile njo ya batu ya woga." Nawe unamuunga mkono, unasema rozari inatosha. Mama, Baba alikuwa ameivaa hiyo hiyo siku walipomtoa majini.

Nimenunua jile. Padre mmoja wa Mansa anarudi nyumbani likizo, ataileta. Rozari nimeishona ndani yake, upande wa kifuani, kwa uzi mgumu. Akitaka rozari, avae jile.

Nisalimie shangazi anayekausha samaki, na mke wa Kalunga, yeye ndiye amfunge kamba za jile kila anapotoka. Katekista akiuliza kama nilimwona Papa, mwambie nilimwona.

Na wewe, Mama, nakuomba sana, usiifumue.

Binti yako anayekupenda hata akikasirika,
Mwansa