Binti wa Dirishani

Ferrara, Jumapili, 22 Machi 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeapa kukueleza yote katika barua hii, hata yatakayokuuma. Natumaini itakukuta mzima huko Torino, na kile kikohozi cha vumbi la chokaa kimepungua. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Bibi anasema usipokuja Pasaka, tambi zako za maboga atampa paka.

Jana ilikuwa siku ya wanafunzi kuwatembeza wageni katika majumba ya kale. Mwalimu alinipa Jumba la Bentivegni, ukumbi wa juu, ule mlioukarabati wewe na wenzako miaka minne iliyopita. Nilifurahi mno. Unakumbuka shuleni walivyokuwa wakiniita Pua-Ndoano? Ndipo ukanipeleka ukumbini humo, ukanisimamisha chini ya yule binti aliyechorwa ukutani akichungulia dirishani, ukaniambia nimwone mwenzangu, ana miaka mia tano na pua ni ile ile. Tangu siku hiyo nimetembea kichwa juu.

Wageni wa kwanza niliwaeleza vizuri, hata rafiki yangu Tosca akaninong'oneza, "We, punguza maringo, utadhani ukuta wa kwenu!" Nikawaeleza jinsi mafundi wanavyoziba mahali rangi ilipobanduka: kwa vistari vyembamba vya wima, ili aliye mbali asione pengo, na aliye karibu asidanganywe. Maneno yako hayo, Baba, sikupunguza hata moja.

Mama mmoja wa makamo alicheka akasema kweli nimefunzwa nikafunzika. Alikuwa Bi Malagù, mkaguzi wa michoro, na jukwaa lake la mbao lilikuwa bado limesimama ukutani. Akaniita tupande, nivione vistari kwa macho yangu. Tuliviona kwenye pazia, kwenye mkono, kwenye kizingiti cha dirisha. Usoni havikuwepo. Hata kimoja.

Bi Malagù akausogelea ukuta mpaka miwani yake ikakaribia kuugusa. Mimi nikaitazama nyusi ya kushoto ya yule binti, nikaona kitu ambacho ukiwa chini hakionekani. Kovu. Kovu langu, Baba, la siku niliyoanguka na baiskeli kwenye njia iliyo juu ya ukuta wa kale wa mji, nikiwa na miaka tisa.

Aliniuliza kwa upole kama namjua fundi aliyeshika uso huu, maana walikuwa sita. Ningeweza kusema sijui. Nilikutaja. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba ukutani hatusemi uongo, nami nilikuamini kuliko walimu wangu wote. Kumbe miaka minne nimejivunia kufanana na mtu uliyemfuta ili nifanane naye.

Mama bado sijamwambia. Kama ulifanya hivyo kwa kunipenda, niandikie, nitajitahidi kuelewa. Lakini kuna jambo siwezi kungoja mpaka Pasaka. Bi Malagù anasema kama ulipaka rangi juu ya yule binti tu, anaweza kuoshwa polepole akarudi. Kama ulimkwangua, basi tena. Wanaanza kuosha Alhamisi.

Vaa shali aliyokufumia Bibi, na usifanye kazi bila kula. Ila siku hiyo hiyo upatapo barua, nijibu: yule binti wa kwanza yupo bado chini ya uso wangu?

Mwanao,
Ersilia