Binti Yangu Atapiga Mpira Jumamosi, Nami Nimeshika Mnyororo

Mpendwa Shangazi Corinne,

Najua tunalingana umri, na pengine tumewahi kusimama foleni moja ya soseji, lakini kwenye gazeti hili kila mtu anakuita Shangazi na mimi si mtu wa kuvunja utaratibu, na utaratibu wenyewe ndio umenikaba koo mpaka nikaona nikuandikie.

Mimi ni mkulima wa mahindi na mfugaji wa ng'ombe hapa Ostervold, nina kitambi, nina mke anayeitwa Marlys ambaye ana akili kunishinda, na kila vuli, tangu enzi nilipokuwa na nywele, nimekuwa mmoja wa watu wa mnyororo kwenye mechi za futiboli ya Kimarekani za chuo chetu. Wale wasomaji wako wanaokuja uwanjani kwa ajili ya pai tu nawakumbusha: timu yenye mpira lazima isogee yadi kumi kwa majaribio manne, na sisi ndio tunaosimama pembeni na fimbo mbili zilizofungwa mnyororo wa yadi kumi, kinyozi Verlyn Haugen mwisho ule na mimi mwisho huu, ili refa ajue kama wamefika. Sharti letu ni moja, kwamba mtu wa mnyororo hana timu. Hashangilii, haguni, hapigi makofi, na mchana kutwa anasimama upande wa wageni akisikia wanavyowakejeli vijana wetu, naye anatazama majani. Kazi hiyo naiweza, Shangazi. Kwetu hata harusini tulikuwa tunakaa hivyo hivyo.

Sasa msimu unaanza Jumamosi, tena tunacheza na Wexler, ambao hatujawafunga tangu Britta binti yangu alipong'oka meno ya utoto, na mpigaji wetu mpya, yule anayepiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo mbili za goli, ni huyo huyo Britta. Yule wa mwaka jana amemaliza masomo akaenda kufundisha Omaha, na chuo chetu ni kidogo kiasi kwamba timu ikisafiri, kwaya inabaki bila sauti nzito, basi Kocha Dombrowski akawa anazunguka hana mtu, ndipo akamwona Britta kwenye mazoezi ya soka ya wasichana akiupiga mpira juu ya goli mpaka kwenye paa la bwalo. Kocha akamwuliza, "Unaweza kurudia hivyo kwa makusudi?" Akarudia.

Wiki iliyopita tulikuwa na mechi ya mazoezi, sisi kwa sisi, na mji mzima ulikuja. Britta akapiga kutoka mbali, mpira ukapaa kuelekea katikati ya zile nguzo mbili, na mimi, Shangazi, kabla haujapita nilikuwa tayari nakimbia, na fimbo nilikuwa nayo mkononi, na Verlyn kwa kuwa ni mtu wa kuaminika hakuiachia ya kwake, kwa hiyo tulikwenda wote, yeye sehemu ya safari akienda kwa tumbo. Kumbe refa alikuwa amerusha kitambaa cha njano cha kuonyesha kosa, kwa sababu kuna mtu alijongea mapema, akataka kujua mpira ulianzia wapi, na fimbo ya kuonyesha mahali pa kuanzia ilikuwa katikati ya uwanja, pamoja nami, nimemkumbatia binti yangu na helmeti yake.

Watu walicheka mpaka kahawa zikamwagika. Britta akaniambia, "Baba, ulianza kukimbia kabla mpira haujafika. Ulijuaje?"

Nikamjibu, "Upepo ulikuwa mzuri."

Juzi nilikwenda kunyolewa nywele hizi zilizobaki. Verlyn akasema, "Lyle, Jumamosi ukija na ile fimbo, mimi nabaki nyumbani. Goti langu limekataa."

"Goti lako lina nini?"

"Lina jina lako."

Gaylen, yule anayeshika kibao cha kuonyesha ni jaribio la ngapi, alikuwa anasubiri zamu yake. Akasema, "Mfunge kwenye nguzo ya goli."

"Ataondoka nayo," Verlyn akajibu. "Wewe kaa tu jukwaani na Marlys, bwana. Kule juu hakuna cha kuburuta."

Nilicheka nao, lakini njiani kurudi niliona uchungu, maana miaka yote hiyo tumesimama pamoja kwenye mvua na theluji, na leo wamenichoka. Nyumbani nikakuta Marlys amenunua mito miwili ya kukalia jukwaani, ameiweka juu ya meza ya jikoni. Jumapili baada ya kanisa Britta akauliza, "Baba, Jumamosi nikipiga, utakuwa wapi?" Nikamwambia mahindi ya upande wa mashariki mwaka huu yanakauka mapema. Akasema, "Sawa, Baba," akaenda kuosha vyombo.

Shangazi, nikishika fimbo nitakimbia tena, najijua, na marefa watatufukuza wote. Nikikaa jukwaani, sijui watu hufanyia nini mikono yao kule. Halafu akikosa, mbele ya mji wote na mbele ya Wexler? Pale pembeni naweza kutazama majani kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kule juu nitatazama wapi? Nisimame wapi Jumamosi?

Jina langu tafadhali usilichapishe.

Mshika Fimbo, Ostervold

*

Ndugu usiye na jina,

Umemtaja mkeo, binti yako, kinyozi wako na goti la kinyozi wako. Siri yako iko salama mikononi mwangu na mwa kaunti nzima.

Kwanza, pole kwa uchungu wa njiani, ingawa ulijitengenezea mwenyewe. Verlyn hajakuchoka. Umeishi huku maisha yako yote na bado hujui tunavyoongea? Nani huku kwetu atamwambia mwanamume mwenzake, "Rafiki, nenda ukakae na mkeo umtazame mtoto wako"? Angezimia kwa aibu. Anasema goti linauma. Verlyn amekufungulia mlango, nawe umesimama nje unanung'unika. Marlys naye amekwambia, kwa mito. Mmoja ni wake. Wa pili unadhani ni wa paka?

Aliyeuliza waziwazi ni mmoja tu, Britta, na yeye ndiye uliyempa taarifa ya mahindi. Hapo nakugombeza, bwana. Mtoto ameuliza utakuwa wapi. Anajua hali ya mahindi, amekulia humo. Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, mwambie, "Nitakuwa jukwaani, karibu na mama yako." Ukishindwa kuyasema yote, sema "jukwaani" tu. Atakuelewa, ni binti yako.

Fimbo mpe Dorothy wa posta. Ameshika barua za mji huu maisha yake yote na hajafungua mdomo. Kunyamaza mbele ya Wexler kwake ni mapumziko. Na umwachie msimu mzima, usije ukaidai Jumatatu. Britta akimaliza chuo, utairudia.

Sasa lile ulilolificha mwishoni. Huogopi kukimbia. Unaogopa kuonekana. Atakosa, ndiyo, kama si Jumamosi basi siku nyingine, wapigaji wote hukosa. Akikosa atainua kichwa atafute uso mmoja jukwaani, na usije ukamwonyesha upara. Mtazame yeye. Simama. Akipata, simama vilevile, na mikono iache ifanye inavyotaka. Wiki iliyopita ilijua kazi yake bila kufundishwa.

Umebaki ugeni wa kupiga kelele. Una siku chache bado. Ingia zizini, funga mlango, uite jina la mwanao kwa nguvu zako zote. Ng'ombe watashtuka mara ya kwanza. Endelea.

Shangazi Corinne