Ganda la Chaza Alilorudi Nalo Paluku

Himbi, Jumapili jioni

Mwalimu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyekwenda! Miaka mingi nilifundisha jiografia, nikachora bahari ubaoni kwa chaki. Lakini ni Paluku, mpuliza filimbi wa uwanjani, ambaye binti yake amemlipia safari hadi Broome, Australia, mji wa pwani wa fukwe nyeupe na wazamiaji wa lulu wa zamani.

Leo amekuja kutusimulia, kama inavyompasa msafiri. Majirani walijaa sebuleni mwangu. Alipofika kwenye lulu, nilimkatiza. Nikawaeleza kwamba chembe ya mchanga huingia ndani ya chaza, naye huifunika taratibu mpaka iwe lulu. Ndivyo nilivyofundisha kila darasa.

"Hapana, Papa," akasema Paluku, kwa heshima na upole ulioniudhi zaidi. "Si muchanga. Kule mutu anafungua chaza kidogo, anatia kashanga kadogo ka ganda. Nilionaka na macho yangu."

"Ile najua," nikamjibu. Sikujua.

Mke wangu akacheka mbele ya wote. "Leo mwalimu amepata mwalimu!"

Mimi ni mtu wa subira, lakini wivu huu...

Ameniachia zawadi, ganda la chaza linalong'aa ndani. Wageni walipoondoka nililigusa kwa ulimi, nionje bahari walau mara moja, maana ziwa letu hapa Himbi halina chumvi.

Lilikuwa na ladha ya sabuni. Ameliosha. Hata chumvi ameimaliza peke yake.