Ngoma ya Msiba Usio na Maiti

Ndandalo, upande wa Mwaya,
Tarehe 22 Septemba 1912

Mpendwa Kaka Hezekia,

Ndaga, kaka. Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Tanga? Ile homa uliyotuandikia mwezi wa Machi imekuachia? Na mkono uliochomwa na mkonge, umepona? Huku wazima ni wazima. Mimi ni mzima wa kukaa upande mmoja tu, kwa sababu utakayoisoma mbele. Mpunga tumevuna, ndizi zipo, ziwa limechafuka wiki nzima na wavuvi wanalalamika.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Umeandika kwamba mwezi wa Desemba utakuja na mkuki mpya, na kwamba kabla hujaingia kwako utapitia Talatala umuue Andongwisye kwa ajili ya mwanao Lameck. Kaka, kabla hujanoa, nisikilize. Aliyekuletea habari hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Tena shemeji Veronika ameagiza nikuandikie yote, na binti wa mwalimu, Maria, atamsomea barua hii kabla sijaifunga. Kwa hiyo sina pa kujificha.

Kazi yangu unaijua, ingawa hukuipenda. Ilianza bomani, siku ya sherehe ya Kaiza, walipopaka nguzo mafuta tushindane kuipanda. Wenzangu waliteleza. Mimi nilifika juu, nikajiachia, nikaanguka chali na kulala kama mfu. Watu wakapiga mayowe. Kisha nikainuka nikapiga saluti, askari wakacheka hadi machozi. Tangu siku hiyo nikaitwa Bwana Kuanguka. Nimeanguka kutoka paani, kutoka mgongoni mwa fahali anayekimbia, kutoka juu ya meli pale Mwaya. Nimevunjika mbavu mbili na kidole, wala sikujuta. Mcheza kwao hutunzwa, nami nilitunzwa.

Ulimwacha Lameck kwangu ajifunze kusoma na kulima mpunga. Kusoma alijifunza. Lakini alikuwa na miguu myepesi kuliko yangu, nami nilikuwa natafuta mwenzangu wa kazi. Nikamfundisha kuanguka. Hilo sikukuandikia, na nilikosea.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa wa mkuki. Mkuki wa kweli, wenye makali, maana watu wetu huwezi kuwadanganya kwa fimbo. Mimi namkimbilia, yeye anafungua kifua na kusimama tuli. Mkuki unapita kwapani, unapasua kibofu cha mbuzi tulichokijaza damu, naye anaanguka. Kazi yote ni kutokwepa. Ukisogea hata kidogo, wewe mwenyewe ndiye unayejipeleka kwenye chuma. Mwezi mzima nilimchapa fimbo za miguu kila alipotikisika. Nilimwambia, "Wewe usiuone mkuki. Niachie mimi kuuona." Mwishowe hakutikisika tena, hata kope.

Mwezi wa Julai akaja Mzungu mmoja na sanduku lenye mkono wa kuzungusha, linalopiga picha za watu wakiwa wanatembea. Tulimwita Bwana Picha. Alitaka msiba wa kwetu, wanaume wakicheza na mikuki, na mtu mmoja achomwe. Alisema nikimfurahisha atanipeleka Dar es Salaam, halafu Ulaya, nianguke mbele ya watu elfu. Kaka, kwa furaha nilishindwa hata kula.

Mzee Eliud, mpiga ngoma, alikataa. "Asajile, ngoma ya msiba haijaribiwi," alisema. "Ikilia, watu huja na mikuki yao, na lazima mtu alale chini. Wewe umemwandaa nani?" Nilimcheka mbele ya vijana. Nikamwita mwoga, nikamnyang'anya vijiti, nikaipiga mwenyewe.

Wewe ni mtu wa hapa, unajua ngoma ile husikika mbali. Majirani wa karibu niliwapelekea habari kwamba ni mchezo. Talatala nikasahau. Unamkumbuka Felista, dada yake Andongwisye, aliyeolewa hapa kwetu? Alikuwa ameugua kifua tangu mavuno, na ndugu zake walijua. Waliposikia ngoma wakasema ni yeye. Wakaja mbio, wanaume zaidi ya kumi, wanalia, mikuki mikononi, kama mtu yeyote anavyokwenda msibani.

Walimkuta Felista amesimama, amejipaka majivu, analicheka sanduku.

Mmoja wao akauliza maiti iko wapi. Yohana wetu, na mdomo wake unaujua, akajibu, "Maiti bado. Tunawasubiri nyinyi mtupe mmoja." Akapigwa rungu la mdomo, meno matatu yakatoka. Hapo ndipo uwanja ulipochafuka. Nilimwona Zebedayo ameshika sikio lake mkononi, kichwani halipo. Mtu mmoja alipigwa jembe la mgongo akawa anatambaa. Wanawake walikimbilia migombani na watoto wao. Bwana Picha alikuwa anazungusha tu, uso umejaa furaha. Na mimi, kaka, niliendelea kupiga ngoma. Niliwaza kwamba picha itakuwa nzuri. Naona aibu hata kuandika, lakini ndivyo nilivyowaza.

Lameck alikuwa katikati ya uwanja, kibofu kwapani, ananisubiri. Mdogo wake Andongwisye alikuwa ameangushwa kwa rungu, basi Andongwisye akamkimbilia mtu wa kwanza aliye mbele yake. Kaka, mtu yeyote hukwepa. Andongwisye naye alitegemea akwepe. Ameapa hivyo mbele ya wazee, nami namwamini, kwa sababu niliuona uso wake mkuki ulipoingia. Lameck alimtazama, akafungua kifua, akasimama tuli. Labda alidhani nimempa mwingine nafasi yangu. Hakutikisika hata kope.

Alipoanguka nilipaza sauti, "Vizuri, mwanangu!" Nikatupa vijiti nikaenda kumwinua. Damu ilikuwa tele. Nikaingiza mkono kwapani mwake, nikakikuta kibofu kimejaa, kizima, hakijapasuka.

Bwana Picha alikuja anapiga makofi. Kwa Kiswahili chake kibovu akasema huyu ameanguka vizuri kuliko mimi, nimwambie ainuke arudie, jua bado lipo. Nilimpiga kwa mpini wa mkuki. Alipokuwa chini nikampiga tena, kisha nikauvunja mkono wa sanduku lake. Lakini picha zilizokuwa ndani hazikuvunjika, na amekwenda nazo. Huko Ulaya watu watakaa vitini wamtazame mwanao akifa, na watashangilia kama mimi nilivyoshangilia.

Kesho yake tukampigia Lameck ngoma. Mzee Eliud aliipiga mwenyewe tangu alfajiri hadi mikono ikamvimba. Watu hawakuja. Talatala hawakuja kwa kuogopa kisasi; Kasumulu hawakuja, hata jirani zetu wa mtoni hawakuja. Hao wengine walidhani ni mchezo wa Mzungu. Tulimzika tukiwa watu tisa. Mgeni alikuwa mmoja tu, naye ni Andongwisye, bila silaha. Alichimba kaburi peke yake, akakataa kusaidiwa. Shemeji alimtemea mate usoni, naye hakujifuta.

Siku ya tatu askari walinifuata. Nilipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na wiki iliyofuata hamsa ishirini tena. Ndiyo maana nakaa upande mmoja. Naona walinipunja, nilistahili zaidi.

Shemeji haongei nami. Ananiletea chakula, anakiweka chini nje ya mlango na kuondoka. Neno alilonipa ni hilo moja, la kukuandikia yote. Basi nimeyaandika.

Sasa njoo, kaka. Mkuki ukitaka kuja nao, njoo nao. Lakini Talatala usipite, huna deni la damu na mtu wa kule. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza ukitokea ziwani. Nitakuwa mlangoni, na nitakufungulia kifua. Mimi ndiye niliyemfundisha mwanao asikwepe, na mimi sitakwepa.

Mama yetu Angetile anakusalimu; hatujamwambia ulichopanga. Dada Neli anakusalimu, na Mzee Eliud pia. Felista anaomba umsamehe. Huko nisalimie Asegelile na wote wa kwetu. Kyala akulinde njiani, akufikishe salama, hata kama unakuja kwa hasira.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinichukia,
Asajile

Naongeza haya nje ya barua. Maria amemaliza kumsomea shemeji. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema niandike maneno yake kama alivyoyatamka: "Baba Lameck, mkuki uache huko huko. Njoo kabla ya mvua. Shamba la Lameck halijalimwa."