Nyumba Niliyomnunulia Mama

Ihumwa, wakati wa mvua

Dada Mwajabu,

Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima, ila mgongo umechakaa kwa kubeba mataruma ya reli ya Wadachi.

Nyumba nimenunua, ile tembe ya Mgogo mmoja, Matonya. Iko mbali na kelele za gari la moshi, maji ni karibu, na majani mabichi yamefika mlangoni. Matonya amehamia Mtera na ng'ombe wake. Chumba cha upande wa jua nimekikandika upya kwa ajili ya mama.

Jambo moja sikuuliza. Wagogo humzika mwenye nyumba ndani ya zizi, nami nilikuwa nimeshalima zizini nikapanda maboga, kwa kuwa samadi ni nyingi. Asubuhi moja nikamkuta mama yake Matonya anang'oa miche yangu, polepole, bila hasira. Kumbe hakwenda Mtera.

Nikamwambia, "Bibi, nyumba hii nimeinunua."

Akasema, "Najua, mwanangu. Lakini mume wangu hakuuzwa."

Miche iliyobaki nikaing'oa mwenyewe.

Uliniandikia kwamba mama hataki kuliacha kaburi la baba huko Kondoa, nami nikakujibu umlete hivyo hivyo. Sasa mwache, dada. Mwambie tu kwamba chumbani mwake sasa analala bibi huyo, naye namwamkia kila asubuhi.

Wasalimie wanao.

Ni mimi, niliyechoka,
Mbwana