Nilikwenda Mazishini na Picha ya Mgongo

Ntobeye, Jumamosi, katikati ya Julai. Ukungu umeondoka mapema, jua kali, vumbi tupu. Mgongo umeniamsha kabla ya jogoo, kama kawaida yake.

Leo tumemzika Mzee Balthazari, jirani yangu. Miaka mitatu iliyopita, mke wangu alipofariki, yeye ndiye aliyepiga jembe la kwanza kaburini, na hakumwachia mtu jembe hilo mpaka shimo lilipomfika kifuani. Wema wa namna hiyo haulipwi kwa ahsante. Unarudishwa kwa jembe, siku ikifika.

Siku imefika, na mimi nimekwenda na bahasha.

Naona aibu kuandika hili. Ni ile bahasha kubwa ya picha za MRI nilizopigwa Mwanza. Nilijua wakiniona nimesimama mikono mitupu watasema mwalimu amekuwa mvivu, au anajisikia. Maumivu ya mgongo hayana kidonda cha kuonyesha watu. Basi nikaitoa picha pale pale kaburini, nikaiinua juani, nikawaonyesha kwa kidole mahali diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, ilipotokeza ikagusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.

Wachimbaji wakasimama, wakatazama. Anselmi, mtoto wa marehemu, akajifuta jasho. "Pole sana, Mwalimu," akasema. "Wewe nenda ukae."

Wakaendelea kuchimba.

Nikaenda kukaa kwa akina mama waliokuwa wakimenya ndizi. Wakanipa kigoda. Hakuna aliyenicheka, na hakuna aliyenipa kisu.

Sasa niseme ambalo sikuwaambia. Daktari aliyenisomea majibu kule Biharamulo alisema watu wengi wa umri wangu wana diski za namna hiyo na wala hawaumwi. Maumivu yangu ni ya kweli, alisema, lakini mgongo haujavunjika. Nitembee kila siku, nifanye mazoezi aliyonielekeza, nisibebe mizigo mizito. Mguu ukiishiwa nguvu au mkojo ukinishinda, nirudi haraka. Kulala mchana kutwa ndiko kutakakoniharibu.

Mimi nilisikia neno moja tu, diski, nikarudi kulala. Tangu hapo nikitoka darasani naingia kitandani. Wakati mwingine sijui kama kinachonilaza ni mgongo au ni hii nyumba, ambamo hakuna wa kuniuliza nimeamkaje. Bahasha yenyewe nimekuwa nikiilaza upande wa marehemu mke wangu.

Kuchimba kaburi nisingeweza, hilo ni kweli. Lakini kumenya ndizi?

Mwishoni kila mtu alitupia udongo. Nilichuchumaa taratibu, mgongo umenyooka kama nilivyofundishwa, nikachota konzi moja. Iliuma sana. Nikamtupia Mzee, nikainuka mwenyewe, na hakuna aliyeniona maana wote walikuwa wanalia.

Nimerudi nyumbani nikaiweka bahasha juu ya kabati. Kitanda kimekuwa kipana mno.

Kesho baada ya misa nitatembea mpaka kwa mjane, Mama Anselmi. Ni mwendo wa robo saa, kwa hatua zangu labda nusu. Wageni wa matanga bado ni wengi na watahitaji kula.

Nitaomba kisu.